Povu la Mkunazi

Majani ya mkunazi hayampi povu mtu mwenye haraka. Ukiumwagia maji unga wake na kuukoroga mara mbili tatu, utapata tope la kijani lenye harufu ya nyasi kavu, na utajiuliza bibi zetu walikuwa wakisifia nini. Lakini tope hilohilo, likiongezwa maji kidogo kidogo na kupigwa na mkono unaojua kazi, huanza kugeuka. Mapovu ya mwanzo huwa makubwa na hupasuka hapohapo. Huja mengine madogo, kisha madogo zaidi, mpaka juu ya bakuli panasimama povu zito, jeupe lenye ukijani wa mbali, lisiloanguka hata ukiinamisha chombo. Kwa povu hilo wanawake wengi wa Pwani na visiwani, na jamaa zao wa Oman, waliosha nywele zao kabla ya chupa za shampuu kujaa madukani. Wako ambao hawakuacha.

Naiandika kazi hii kwa heshima, kwa sababu ni ufundi uliokamilika. Una malighafi yake na wakati wake wa kuivuna, una vyombo vyake, una vipimo ambavyo havikubandikwa ukutani lakini kila bingwa anavijua, na una daraja zake: wapo wanaojaribu, wapo wanaoweza, na wapo wachache ambao ukishawaachia kichwa chako hutaki wamalize. Siku hizi ufundi huu hutajwa kwa maneno matatu tu, vitu vya asili, kisha mazungumzo yakahamia kwenye bei. Nataka tukae nao kidogo.

Tuanze na mti. Mkunazi unaoota kwetu kwa wingi ni ule ambao wataalamu wa mimea huuita Ziziphus mauritiana. Ndugu yake, Ziziphus spina-christi, ndio wa mabonde ya Oman na Yemen, ambako nyuki huyafuata maua yake na kutoa asali inayouzwa kwa bei kubwa. Miti yote miwili haidai mengi. Kusini mwa Unguja, upande wa Makunduchi na Jambiani, ambako mwenye jembe hukutana na jiwe la matumbawe kabla hajafika mbali, mkunazi unaweza kusimama na kuzaa. Jani lake ni dogo, la mviringo, lina mishipa mitatu inayoanzia kwenye kikonyo; upande wa juu linang'aa, upande wa chini lina manyoya mafupi meupe. Penye kikonyo pana miiba miwili, mmoja umenyooka na mwingine umepinda kurudi nyuma. Huo uliopinda ndio wa kuogopwa. Mkono ukiingia tawini haukuzuii. Unakungoja wakati wa kutoka. Watoto wanaujua mti huu kwa kunazi, na wengi wetu tumekula kunazi miaka na miaka bila kufikicha jani lake hata mara moja ndani ya maji.

Mchumaji hodari hachumi kila anachokifikia. Majani machanga sana hunywea yakikauka, hayaachi kitu kinuni. Yaliyoanza kuwa manjano yamekwisha nguvu. Anatafuta jani lililokomaa, la kijani kilichoiva, lisilotobolewa na wadudu, na anapenda kulichuma asubuhi umande ukishakauka. Wengine hukata vijitawi vizima, wakaviacha vikauke, kisha wakavikung'uta. Ni njia ya kuokoa vidole. Wengine huchuma jani moja moja kwa ncha za vidole, na hao ndio ambao unga wao huwa safi, hauna vijiti.

Kisha majani hupitishwa majini upesi kuondoa vumbi, yakatandazwa kivulini. Hapa wengi huharibu. Jua kali linavutia kwa sababu linamaliza kazi kwa siku moja, lakini jani lililochomwa na jua hugeuka kahawia na harufu yake hufa. Kivulini, juu ya jamvi au ungo, penye upepo, jani hukauka likiwa kijani. Hugeuzwa asubuhi na jioni. Likikaribia kukauka, ukilishika mkononi unasikia mkwaruzo. Likiwa tayari, hukatika kwa mlio. Likisagwa kabla ya hapo litaota kuvu ndani ya kopo, na kazi yote itakuwa bure. Ndiyo maana wenye akiba huitengeneza wakati wa kaskazi, hewa ikiwa kavu, wala hawaingoji masika iwakute na majani mabichi.

Kinu hufuata. Majani hufikichwa kwanza kwa mikono, vikonyo na mishipa mikubwa vikatolewa, yakatiwa kinuni kidogo kidogo. Mchi wa kutwangia mkunazi hauinuliwi juu kama wa kukobolea mpunga, kwa sababu vumbi lake ni jepesi mno na humpandisha chafya mtu mzima mpaka machozi yamtoke. Mtwangaji hujifunga ncha ya kanga puani na kutwanga kwa mapigo mafupi. Kinachotoka hupitishwa kwenye chekecheke, kisha, kwa anayejali, hupitishwa tena kwenye kitambaa cha melimeli. Kilichobaki juu hurudi kinuni. Sioni aibu yoyote kwa anayetumia blenda. Kinachotafutwa ni ulaini, na mashine ndogo ya jikoni inaufikia. Ila asipeleke majani yake kwenye mashine ya mtaani iliyotoka kusaga pilipili. Kipimo cha unga ni kimoja: chukua kidogo, sugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukihisi chembe hata moja, rudia. Umuhimu wa hili utaonekana tukifika kwenye kusuuza.

Nilimwangalia bi mkubwa mmoja wa huko Kusini akipiga povu kwa ajili ya nywele za mjukuu wake. Bakuli lilikuwa pana, la bati. Alitia unga wa kujaza kiganja, akaongeza maji ya vuguvugu ya kuloweshea tu, akaukanda kwa vidole mpaka ukawa uji mzito, akauacha. Aliuacha muda wa kutosha kufumua misuko yote aliyokuwa amesukwa msichana yule, bila kuliangalia bakuli. Aliporudi, uji ulikuwa umevimba na kutoa ute. Ndipo akaanza kuongeza maji, kata ndogo baada ya kata ndogo, akipiga kwa vidole vilivyotawanywa, kutoka chini kuja juu, mkono ukitoka majini kidogo kila mara ili uchukue hewa. Hakubadilisha mwendo. Nilimuuliza, "Bibi, nitajuaje kuwa limetosha?" Akachota povu kwa kiganja, akakigeuza ubavu. "Likisimama bila kuombwa, limetosha, mwanangu." Halikuanguka.

Ule muda wa kuuacha uji ulowe ndio siri ya mambo, na kemia inaueleza vizuri. Ndani ya jani mna saponini, kemikali ambazo mimea mingi hujitengenezea kama kinga dhidi ya wadudu na kuvu. Kila molekuli ya saponini ina sehemu mbili: moja ni ya sukari, nayo hupatana na maji, nyingine hupatana na mafuta. Zikiingia majini hujipanga juu ya uso wa maji na kuulegeza, ndipo hewa inaposhikwa na povu likasimama. Kichwani sehemu ya pili hushika mafuta ya ngozi pamoja na vumbi na jasho lililogandana nayo, na sehemu ya sukari hufuata maji yanapomwagwa. Uchafu huondoka. Lakini saponini hazitoki katika jani kavu kwa dakika moja. Lazima maji yaingie, jani livimbe, kilichomo kiyeyuke. Pamoja nazo hutoka ute, ule utelezi unaovutika kati ya vidole, na ute huo hufunika unywele na kuufanya ukubali kitana. Kwa hiyo jani moja huosha na kulainisha kwa wakati uleule.

Sabuni nayo hushika mafuta na maji kwa pamoja, ila kwa nguvu nyingine. Imetengenezwa kwa mafuta na alikali, na maji yake kwa kawaida huwa na pH ya 9 hadi 10, wakati ngozi ya kichwa inakaa karibu na 5.5. Unywele kwa nje umefunikwa na magamba madogo yanayolaliana. Katika alikali magamba hayo huinuka, unywele ukawa mkavu na wenye kushikana na wenzake. Kwa nywele za singa hasara hiyo inavumilika, kwa sababu mafuta ya ngozi huteremka kirahisi juu ya unywele ulionyooka na kuufunika upya. Kwa nywele zetu za kipilipili hayateremki. Kila mpindo ni kizuizi. Shina linaweza kuwa na mafuta tele huku ncha zikiwa kavu kabisa, na chochote kinachokomba mafuta hayo kidogo kinaziacha ncha zikatike. Mkunazi ni msafishaji dhaifu kuliko sabuni. Udhaifu huo ndio sifa yake kubwa: huchukua kilichozidi na kuacha kinachohitajika. Ningeulizwa ufundi huu umesimama juu ya nini, ningejibu kwamba umesimama juu ya kujua pa kuishia.

Na yako maji yenyewe. Visima vingi vya Unguja na vya mwambao vimechimbwa ndani ya mawe ya matumbawe, na maji yake yana chokaa nyingi. Sabuni ikikutana na chokaa huganda, na kinachoganda hubaki: tunakijua kama utando mweupe kwenye ndoo na ukoko pembeni mwa beseni. Kichwani hubaki vilevile, nywele zikawa nzito na butu hata baada ya kuoshwa. Saponini hazigandi namna hiyo. Mwanamke aliyechota maji ya kisima chenye chokaa na kuosha nywele zake kwa jani la mti uliosimama juu ya jiwe lilelile alikuwa ametumia msafishaji anayeyaweza maji yake. Sijui ufundi mwingi wa nyumbani unaolingana na mahali pake kwa ukamilifu kama huu.

Kabla ya povu kuna mafuta. Nywele hupakwa mafuta ya nazi usiku wa jana yake, au saa moja mbili kabla ya kuoshwa, na vijana wengi huona ni kinyume: mbona upake mafuta kitu unachokwenda kukisafisha? Bibi zetu hawakulijibu swali hilo kwa maelezo, walipaka tu. Mwaka 2003 watafiti wawili wa India, Rele na Mohile, walichapisha majaribio yaliyolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale yatokanayo na petroli. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza kwa kiasi kikubwa upotevu wa protini ya unywele, yakipakwa kabla ya kuosha na hata baada yake. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo molekuli yake ni ndogo na iliyonyooka, hivyo hupenya ndani ya unywele, wakati mengine hubaki juu. Unywele uliotangulia kunywa mafuta hauvimbi ovyo ukiingia majini. Mwenye kukuna nazi zake mwenyewe, akakamua tui na kulichemsha mpaka mafuta yakajitenga, alikuwa na kinga hiyo jikoni mwake tangu zamani.

Sasa kuosha kwenyewe. Anayeoshwa huketi juu ya kibao cha chini, kichwa kimelala nyuma, na muoshaji yuko nyuma yake. Kulala huko si mapambo: saponini zikiingia machoni huwasha vibaya. Nywele hugawanywa mafungu manne, kila fungu likafungwa kivyake, na fungu moja tu hufunguliwa kwa wakati. Povu huanzia kwenye ngozi. Huingizwa kwa ncha za vidole, si kucha, kwenye utosi, kando ya masikio, chini ya kisogo ambako jasho hukaa siku nyingi. Vidole havisuguani huku na huku. Hubonyeza, huzunguka mahali padogo, huhama. Ngozi ikishapata haki yake, povu lililobaki huteremshwa juu ya urefu wa nywele kwa kiganja, kutoka shinani kwenda nchani, daima upande huo mmoja, kwa sababu magamba ya unywele yamelala kuelekea nchani. Ukipandisha unayainua.

Mwanamke anayejua kuosha humsoma anayeoshwa kupitia vidole. Anajua pale ambapo ngozi imechubuliwa na mkono wa kusuka uliobana mno, na hupita juu yake kwa wepesi. Anajua penye mba, na husimama hapo. Wakati huo mazungumzo yanaendelea ya harusi ya nani na mchele umepanda kiasi gani, na mikono haikosi. Nimeona wasusi hodari na washonaji hodari, na nasema bila kusita kwamba mikono ya muoshaji mzuri wa nywele inastahili kutajwa pamoja nao.

Kusuuza ndiko kunakowakatisha tamaa wanaoanza. Unga uliosagwa vibaya huingia katika nywele za kipilipili na kukaa. Utatoa vichembe vya kijani kwa siku kadhaa, juu ya mto, juu ya kola. Ndiyo sababu ya melimeli. Wenye nywele nzito wana njia nyingine, nayo mimi naiona bora zaidi kwao: uji wa mkunazi huchujwa kwa kitambaa, ukakamuliwa, na maji yake ya kijani yenye ute ndiyo yanayopigwa mpaka yatoe povu. Makapi hayafiki kichwani. Kwa njia yoyote, maji humwagwa kata kwa kata kutoka kwenye paji la uso kwenda nyuma, vidole vikifungua njia, mpaka yanayodondoka yawe meupe.

Halafu muoshaji hukamata fungu la nywele na kulipitisha kati ya vidole viwili. Anasikiliza mkono wake. Nywele zilizooshwa vizuri kwa mkunazi zina mkwaruzo mdogo na ulaini kwa pamoja. Aliyezoea shampuu husubiri zilie, ule mlio mwembamba wa kitu kilichotakata kupita kiasi, na asipousikia hudhani bado ni chafu. Nywele zinazolia zimevuliwa kila kitu. Inachukua muda kuuzoea usafi wa aina nyingine, na baadhi ya watu hukata tamaa kabla.

Yanayofuata nitayapita upesi ingawa yanapendwa zaidi. Nywele hukaushwa kwa kubonyezwa na kanga kuukuu, hupakwa mafuta kidogo zikiwa bado na unyevu, hufukizwa udi kwenye chetezo zikiwa zimetandazwa, husukwa, na asumini huchomekwa. Watu huikumbuka harufu hiyo na kuisifu. Ni haki yao, lakini harufu hukaa vizuri kwa sababu ya kazi iliyotangulia.

Jani hilohilo lina kazi nyingine, na sidhani mtu anaweza kuueleza ufundi huu kwa ukweli akaiacha. Waislamu huosha maiti zao kwa maji na mkunazi. Katika hadithi ya Ummu Atiyya, iliyomo katika Sahihi za Bukhari na Muslim, Mtume aliwaelekeza wanawake waliokuwa wakimuosha binti yake watumie maji na mkunazi, mara tatu au tano au zaidi, na mara ya mwisho watie karafuu maiti. Na nywele za marehemu zilisukwa misuko mitatu. Wanazuoni walioeleza namna ya kuosha wakaongeza jambo ambalo fundi yeyote wa nywele atalitambua mara moja: povu la mkunazi lichukuliwe kwa ajili ya kichwa, na kilichobaki chini kitumike mwilini, ili makapi yasinase kwenye nywele. Ni kazi ileile ya melimeli, kwa njia nyingine.

Naamini wajibu huo ndio uliouhifadhi ujuzi huu kuliko jambo jingine lolote. Miaka ambayo chupa za shampuu za rangirangi zilifika madukani na wasichana wakaona haya kuonekana na bakuli la majani, mikunazi haikukatwa yote, na katika kila mtaa walibaki wanawake waliojua kuchuma, kukausha, kutwanga na kupiga povu, kwa sababu siku yoyote wangeitwa. Waliosha bibi harusi na waliosha maiti kwa mikono ileile, kwa upole uleule. Wengi wao ni watu wazima sana sasa. Heshima tunayowapa msibani ni kubwa. Ujuzi wao wa nywele za walio hai hatuuulizi vya kutosha.

Kuna jambo linaloniudhi katika maneno yanayosambaa leo kuhusu nywele, nalo ni imani kwamba kila kitokacho ardhini ni kipole. Magadi ni ya asili kabisa. Yanatoka Ziwa Magadi la Kenya na Ziwa Natron la Tanzania, na maji ya maziwa hayo yana alikali ya kubabua ngozi. Mtu anayesugua kichwa kwa magadi akidhani ameikimbia kemikali amejipaka kitu kikali kuliko shampuu nyingi. Ndimu pia ni ya asili, na maji yake yakibaki kwenye ngozi kisha yakapigwa na jua, ngozi huungua na kuacha baka jeusi. Bibi zetu hawakuchagua mkunazi kwa kuwa ulikuwa wa asili. Kila kitu walichokuwa nacho kilikuwa cha asili. Waliuchagua kati ya vingi kwa kuujaribu vizazi kwa vizazi, na hayo majaribio ndiyo tunayorithi.

Wala shampuu si adui. Hans Schwarzkopf, mkemia wa Berlin, alianza kuuza shampuu ya unga mwaka 1903, na katika miaka ya 1930 Wamarekani wakaleta iliyotengenezwa kwa visafishaji vya maabara, ambavyo havigandi na chokaa. Ilikuwa hatua kubwa. Zile za mwanzo zilikomba mafuta mno, na ndiyo maana baadaye ikabidi kuongezwa vilainishi, katika chupa ileile au ya pili. Leo zipo shampuu pole na nzuri. Mwenye mba sugu unaosababishwa na kuvu wa ngozi anahitaji dawa ya hospitali, na mkunazi hautamponya. Hauoteshi nywele kwenye kipara pia, hata kama muuzaji ameapa. Mkunazi ukisifiwa kwa isiyo sifa yake, siku ikidhihirika watu huutupa pamoja na sifa zake za kweli, nami sitaki hilo litokee.

Mtu anayetaka kuanza anaweza kupata unga wa mkunazi kwenye maduka ya dawa za asili na ya wauza udi, Zanzibar na Mombasa, mara nyingi kando ya ritha na shikakai za Kihindi, ambazo nazo zinatoa povu kwa saponini. Asiununue kwa maandishi ya paketi. Afungue na kuangalia: uwe wa kijani, unukie nyasi kavu, usiwe na uvundo. Nyumbani atie kijiko kimoja katika chupa yenye maji ya vuguvugu, auache ulowe, afunge, atikise kwa nguvu, aweke mezani. Povu likikaa, unga ni mzima. Likizama upesi, umezeeka au umechanganywa. Ajaribu kwanza kidogo kwenye mkono, angoje mpaka kesho yake aone kama ngozi imekubali. Achanganye wa siku moja tu, kwa sababu uji wa mkunazi hauna kihifadhi na hulala ukachacha.

Na aliye na mkunazi uani asikubali fundi wa nyumba aukate kwa sababu ya miiba. Ajenge pembeni yake. Kama bado ana bibi, mama au shangazi anayejua kupiga povu, asimwombe amwoshe tu, amwombe bakuli.